Breki ya Mbele

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunaongea habari za mvua tu, kisha unaitwa wodini na mimi nabaki nimeshika simu kama kipande cha sabuni. Barua haiitwi wodini.

Nimefungua stoo ya Mama. Najua uliniambia nisiharakishe, lakini panya walishahamia upande wa jikoni, na mke wangu alisema ama nifungue mwenyewe au afungue yeye siku ambayo sipo. Chini ya magunia na lile godoro lililopasuka, pikipiki ya Baba ipo. Miaka yote nilidhani Mama aliiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Kumbe aliifunika tu. Taa ya mbele imevunjika, hendeli imepinda upande wa kushoto, tangi limebonyea, lakini nilipokanyaga kiki injini ilivuta pumzi.

Nataka kuifufua. Si ya kuuza, ni ya kwendea kazini. Mke wangu amekubali kwa sharti moja: haitoki getini na breki ile iliyomuua baba mkwe ambaye hakujaliwa kumwona. Nikamwambia sawa. Nitaitoa breki ya dramu ya mbele na kuweka diski mbili, moja kila upande wa tairi, kama pikipiki kubwa za siku hizi. Nimeshapata shokapu za mbele za pikipiki iliyoungua upande wa nyuma, na diski moja pamoja na kalipa yake, kile chuma kinachoibana. Ya pili nitaitafuta, na habu, yaani kitovu cha tairi, nitaikereza mwenyewe ili ipokee diski pande zote. Kama mtu amekereza vyuma vya watu maisha yake yote akashindwa kukereza cha baba yake, basi afunge karakana auze mchicha.

Wewe ulikuwa umepakiwa nyuma siku ile ya ajali. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Kwa hiyo naomba neno lako kabla sijafungua tairi la mbele.

Mdogo wako,
Kifungo
(bado wananiita hivyo, ingawa kile kifungo nilichomeza kilishatoka zamani)


25 Machi

Kifungo,

Marahaba. Nimefurahi kwamba stoo imefunguliwa. Magunia yachome. Godoro pia.

Pikipiki iuze. Kama roho inakuuma kuiuza, iache hapo ilipo, uifunike kama Mama alivyoifunika. Alikuwa na sababu zake. Ukitaka usafiri wa kwendea kazini tutafute njia nyingine, mimi na wewe hatushindwi kukaa tukapanga.

Tairi la mbele usilifungue.

Najua utataka nikueleze, na mimi sina maelezo yanayoweza kuenea kwenye karatasi. Huku wagonjwa wamezidi vitanda. Mwanao ameanza kusimama? Wifi yangu msalimie, na mwambie mimi niko upande wake kuhusu panya.

Baba Mdogo usimwambie kwamba umeipata.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mtoto anasimama, akishika kitu. Akikiachia anakaa chini na kutuangalia kana kwamba sisi ndio tuliomwangusha.

Nisamehe. Barua yako ilifika tairi likiwa tayari liko mezani.

Nakwambia nilichokiona, kisha unikemee. Nilifungua dramu nikitegemea kukuta uchafu, kitu kilichokatika, au nati iliyolegea, ile nati ambayo tangu nikiwa mtoto nilisikia Baba Mdogo alisahau kuikaza. Nilijiandaa hata kumchukia upya. Dada, ndani mle ni pasafi. Brekshu, zile pedi za kubania, zina unene wa kutosha, zimelalia dramu vizuri pande zote. Grisi iliwekwa kidogo, pale tu inapotakiwa. Waya haujakatika hata uzi mmoja. Nati imekazwa, na pini yake imepita katikati na kukunjwa miguu kama inavyotakiwa. Hiyo pini imeshika kutu, maana yake hakuna aliyeigusa baada ya siku ile.

Nikairudisha yote kama ilivyokuwa, nikalizungusha tairi kwa mkono mpaka likaimba, nikabana. Likasimama papo hapo. Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto. Akauliza, "Si ulisema hiyo ndiyo iliyokataa?" Nikalizungusha tena.

Kama breki ilikuwa nzima, Baba aliuawa na nini?

Jambo lingine. Baba Mdogo sijamwambia, lakini anajua. Jumamosi nikiwa nakereza habu nje, kwenye ile mashine ndogo, niliinua kichwa nikamwona amesimama ng'ambo ya barabara. Amekonda. Mikono ameiweka nyuma. Nilimpungia, hakunipungia. Nilipokwenda getini alikuwa ameshaondoka. Tangu hapo kila nikiwasha mashine yupo, na nikiizima hayupo. Mama ni marehemu, lakini marufuku yake ya kumkataza Baba Mdogo kukanyaga hapa bado inamzuia kuvuka barabara.

Kifungo


30 Aprili

Dada,

Hujajibu, na kwenye simu umeniambia tena kuhusu mvua.

Kazi inaendelea. Diski ya pili nimeipata. Nimekereza kibao cha chuma cha kushikia kalipa ya upande wa kulia, mara ya kwanza kikatoka kifupi, cha pili kimekaa. Nikiwa nafanya kazi naongea peke yangu, kisha nagundua siongei peke yangu, naongea na Baba. Sauti yake siijui. Namuuliza, "Kwa nini hukubana?" Barabarani hapakuwa na alama ya tairi hata moja, watu wazima wote wanakumbuka hilo, na ndilo lililofanya lawama imwangukie Baba Mdogo. Mtu mwenye breki nzima anashuka mteremko ule mpaka anagonga kalvati bila kubana?

Mke wangu hataki niulize zaidi. Anasema labda Baba alikuwa na jambo moyoni, labda alitaka mwenyewe. Alilisema polepole huku akikunja nguo. Sasa silali vizuri. Nikimwangalia mwanangu nafikiria mtu anayeweza kumpakia mtoto wake nyuma na kufanya hivyo.

Kama ni hivyo, niambie. Kama sivyo, niambie haraka zaidi.

Kifungo


11 Mei

Mdogo wangu,

Sivyo. Hilo litoe kichwani kabla hujaendelea kusoma. Baba hakutaka kufa. Alikuwa na mkate wa kumpelekea Mama kwenye begi.

Alikuwa ametoka kukagua nguzo za simu, akanipitia shuleni. Upepo ulikuwa mwingi siku hiyo, tukawa hata hatusikilizani. Nilimkumbatia kiunoni kama kawaida. Tulipoanza kushuka nikahisi anaegemea nyuma. Nilidhani ananitania, alikuwa na tabia ya kujifanya anasinzia ili nipige kelele. Nikamsukuma kwa kichwa. Hakurudi mbele. Akazidi kunilalia, kichwa chake kikaja begani kwangu, kofia yake ikanigonga shavuni, na mikono yake ikaachia hendeli, yote miwili, polepole, kama mtu anayeweka vitu chini. Nikanyoosha mkono kupita ubavuni kwake ili nifikie breki. Mkono wangu haukufika. Niliigusa kwa ncha za vidole. Baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali.

Nilimwambia Mama nilipoweza kuongea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umegongwa kichwa. Breki ilikataa. Baba yako alikuwa mzima kama chuma, mtu kama yule hafi hivi hivi." Nilimwambia tena siku nyingine, akatoka chumbani. Sikumlaumu, na leo simlaumu. Alihitaji kuwe na mkono wa mtu katika jambo lile. Kila mtu akawa anasema breki, na mimi nilikuwa mtoto mwenye bandeji kichwani, nikaanza kuona kwamba labda kweli nimeota.

Kisha nikaanza kazi wodini. Mwaka wangu wa kwanza, mzee mmoja alitulia mikononi mwangu nikiwa namgeuza kitandani. Ule uzito niliutambua. Mtu aliyezimia ana uzito wake na mtu aliyelala ana wake, lakini ule ni mwingine, unakujia wote kwa pamoja na hauombi chochote. Nilimaliza zamu nikaenda kukaa chooni. Nikajua kwamba Baba alikufa juu ya mteremko, si chini. Moyo, au mshipa wa kichwani, sitajua. Alikuwa ameshaondoka tayari wakati mimi bado namsukuma.

Ndiyo sababu sikai nyumbani nikija. Ndiyo sababu sipendi mtu aniegemee, hata kwenye basi, hata mwanangu mwenyewe akisinzia. Namhamisha taratibu nikijifanya namtengenezea mto. Nadhani anajua.

Nilikukataza kufungua tairi kwa sababu niliogopa utakuta breki mbovu. Ungeikuta mbovu, nisingebaki na kitu. Ningekuwa mtu aliyeota jambo hilo akaliishi maisha yote.

Mwite Baba Mdogo aingie ndani. Usimpe karatasi, macho yake hayakuwa mazuri hata zamani. Mwonyeshe breki kwanza. Kisha msomee.

Dada yako


24 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefanya.

Jumamosi niliwasha mashine bila kukereza chochote. Akatokea. Nikavuka barabara huku mashine inazunguka bure, nikamwambia, "Baba Mdogo, ingia ndani." Akasema, "Mama yako hapendi." Kama vile yuko jikoni. Nikamwambia Mama amepumzika, na nyumba sasa ni yangu, na mimi napenda. Alifika getini akasimama tena. Mke wangu ndiye aliyemaliza ubishi, alimpa mtoto ambebe, na mtu aliyepewa mtoto hawezi kusimama nje.

Nilikuwa nimezipanga brekshu, waya, springi na nati juu ya gunia safi. Hakuuliza ni za nini. Alimrudisha mtoto, akachuchumaa, akaanza kugusa kimoja kimoja. Alikaa muda mrefu na ile pini. Akasema, "Miguu niliikunja hivi. Nilikuwa najua niliikunja hivi." Akayarudia maneno hayo hayo, si kwangu.

Nikamsomea barua yako. Pale uliposema kuhusu mikono kuachia hendeli aliinua kiganja, kisha akakishusha ili niendelee. Nilipomaliza aliomba maji, akanywa, akasema ahsante kwa mke wangu, akaondoka. Basi. Nilidhani nimemuua.

Keshoye asubuhi alikuja na sanduku lake la spana. Unajua tangu ile siku alihama kwenye kila kitu kinachobeba watu? Anatengeneza cherehani, mizani, makufuli. Hata baiskeli alizikataa. Spana zake zote alikuwa amezipaka grisi na kuzifunga kwenye fulana kuukuu. Akazunguka pikipiki mara kadhaa, akatazama diski zangu mbili, akasema, "Hii ya kulia inacheza." Nikabisha. Akashika kipande cha waya karibu na diski, akazungusha tairi, na kweli, ule waya ulikuwa unaguswa na kuachwa. Akasema pia pampu ya oili niliyoiweka juu ya hendeli ni ya kalipa moja: "Umeipa kulisha midomo miwili. Utabana mpaka vidole vikutane, na pikipiki itakuwa bado inakwenda." Nimetafuta kubwa zaidi. Mimi niliyejiona fundi, nimerudishwa darasa la kwanza kwenye karakana yangu mwenyewe. Mke wangu amecheka wiki nzima.

Anataka kukuandikia. Atatamka nami niandike, lakini sahihi ataweka mwenyewe.

Kifungo


15 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi si hodari wa barua. Anayeandika ni mdogo wako, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Nashukuru kwa barua yako niliyosomewa. Sitasema zaidi hapo kwa kuwa maneno hayatoshi, na yakianza kutoka mdogo wako atashindwa kuandika.

Sikuwahi kumlaumu mama yako. Alinifukuza msibani mbele za watu, nikaondoka, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Hilo ndilo nililotaka ulijue. Watu walidhani naonewa au nina hatia. Mimi sikujua nilipo. Niliifunga ile nati kichwani mwangu kila siku. Nikila naifunga. Nikiongea na mtu naifunga. Siku nyingine inakaza, siku nyingine inazunguka bila kukamata na naamka nimekunja ngumi. Mke wangu aliniacha kwa sababu hiyo, na alikuwa na haki, alikuwa anaishi na mtu aliye mahali pengine.

Kaka yangu na mimi tulikuwa hatujapatana vizuri wiki ile. Jambo dogo, alisema nachelewesha kazi za watu. Alichukua pikipiki asubuhi bila kuniaga, nami sikutoka kumwangalia anavyoondoka. Nilisikia tu injini.

Sasa nina swali moja, na ukiona ni zito liache. Wewe ulikuwa naye. Kabla ya ule mteremko, alisema neno lolote?

Mimi Baba yako Mdogo


28 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, kisha nimesimama, kisha nimekaa tena.

Swali lako si zito. Ndiyo, alisema.

Pale juu, kabla barabara haijaanza kushuka, kulikuwa na mbuzi wanavuka. Baba akabana breki ya mbele na tukasimama vizuri, bila kuteleza. Tukawasubiri wapite. Wakati wanapita aligeuza kichwa kidogo akaniambia, "Umeona ilivyoshika? Huyu mdogo wangu ana mkono." Kisha akatia gia tukaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na yalikuwa yako.

Hakuwa na kinyongo, Baba Mdogo. Kama alikuwa nacho asubuhi, kiliishia pale kwa wale mbuzi.

Mwangalie Kifungo asijifanye anajua kila kitu.

Mwanao


10 Julai

Dada,

Shikamoo. Imekwisha. Tulitoa upepo kwenye mipira ya oili siku nzima, yeye anabana juu, mimi nafungua chini, mpaka mkono wa breki ukawa mgumu kama jiwe. Diski zote mbili zinazunguka bila kugusa popote.

Niliposema nikaijaribu mbele ya geti, Baba Mdogo akasema hapana, breki hujaribiwa kwenye mteremko. Sote tulijua upi. Akapanda nyuma yangu, mtu ambaye kwa miaka yote hii amekwenda kila mahali kwa miguu. Alinishika mabega kwa nguvu mpaka leo nina alama. Tulipofika pale juu akanigonga begani, nikasimama. Hakushuka. Aliangalia tu ile barabara, kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta mahali mbuzi walipopita. Kisha akasema twende.

Nilishuka kwa kasi zaidi ya nilivyopanga. Nilibana karibu na kalvati. Dada, tairi la mbele lilishika ardhi, pikipiki ikainama na kutulia, na yeye akanilalia mgongoni kwa uzito wake wote kisha akarudi nyuma, mzima, anapumua. Tulikaa pale injini imezimwa. Akasema, "Inashika. Ila ile ya zamani nayo ilikuwa na mkono." Akaanza kulia kwa sauti ndogo, na mimi nikaangalia mbele.

Barua yako anaiweka mfukoni. Amemwomba mke wangu amsomee, kisha mimi, kisha jirani. Amerudi kula kwetu. Amekubali kumtengenezea mtu baiskeli.

Sasa nakuuliza mimi, na hapa hayupo. Kwangu uliandika kwamba upepo ulikuwa mwingi mkawa hamsikilizani. Mbuzi hukuwataja. Kwake umeandika mbuzi, na maneno kamili, na namna alivyogeuza kichwa. Ni kweli?

Kifungo


21 Julai

Kifungo,

Marahaba. Nimefurahi kwamba imeshika. Nitakuja mwisho wa mwaka, na safari hii nitalala nyumbani.

Umeniuliza kama ni kweli. Nakujibu wewe peke yako.

Nilikuwa nimelaza shavu mgongoni kwa Baba kwa sababu ya upepo. Pale juu alisema kitu. Sikukisikia kwa sikio, nilikisikia kwa mfupa wa shavu, kama mtu anayeongea chumba cha pili na wewe umeegemea ukuta. Maneno hayakunifikia. Ilinifikia sauti tu, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeridhika na jambo. Nikasema, "Eeh, Baba," kama watoto wanavyoitikia wasichokisikia. Akaendelea.

Nimekuwa na sauti hiyo miaka yote. Haina maneno, na haikunyamaza. Naikuta nikiwa nafua. Naikuta wodini, mgonjwa akinong'ona najikuta nimeinama karibu kuliko inavyopasa, mpaka wenzangu wananitania kwamba nakusanya siri. Nimejaribu kuitilia kila neno ninalolijua. Jina langu. Jina la Mama. Kwamba anaumwa, kwamba nishike vizuri. Hakuna lililokaa.

Baba Mdogo aliponiuliza, nilikaa na karatasi tupu muda mrefu. Kisha nikaandika yale uliyoyasoma, na nikayasoma kwa sauti ili nione kama naweza kuyatuma. Kifungo, yalikaa. Urefu wake ulikuwa uleule, na pale mwishoni yalishuka pale pale ambapo sauti inashuka.

Sijui tena kama nilitunga au nilikumbuka. Mbuzi hata mimi sasa nawaona.

Tangu hapo ikija, inasema hivyo, na ikimaliza inanyamaza. Usimwambie. Na mimi usiniulize tena.

Dada yako